Hamsta mpya ana nini? Kusoma dalili katika siku kumi za kwanza

Hamsta, mnyama mdogo wa jamii ya panya anayefugwa, anapofika nyumbani amekwisha kupitia misukosuko mingi ndani ya muda mfupi. Ameachishwa ziwa, ametenganishwa na mama yake, amerundikwa na wenzake dukani, amesafirishwa ndani ya boksi lenye giza na mitikisiko, kisha amewekwa mahali ambapo hakuna hata harufu moja anayoijua. Juu ya hayo, ni mnyama anayewindwa, na mnyama anayewindwa huficha udhaifu wake mpaka ashindwe kabisa. Ndiyo maana wenye hamsta wapya huhangaishwa na mambo ya kawaida, kama kulala mchana kutwa, huku dalili mbaya ikiwapita kwa sababu iko chini ya mkia, mahali wasipotazama.

Siku kumi za kwanza ndizo zenye hatari zaidi, na katika siku hizo swali moja linatangulia mengine yote: je, anaharisha? Maswali mengi unaweza kuyalalia ukayajibu kesho. Hilo hapana.

Una hamsta wa aina gani?

Hamsta wa Syria ndiye mkubwa. Akikomaa huwa na gramu 100 hadi 150, wengine hupita hapo, na majike huwa wazito kuliko madume. Kati ya wale wadogo, Campbell na yule wa Siberia anayegeuka mweupe wakati wa baridi huwa na gramu 30 hadi 50. Roborovski ni mdogo zaidi, gramu 20 hadi 25. Wa China ni mwembamba na mkia wake unaonekana wazi.

Jambo hili lina uzito kwa sababu magonjwa hayafanani. Kuharisha kunakoua haraka huwashika zaidi wa Syria wachanga. Kisukari huwapata zaidi Campbell na wa China. Tena wa Syria ni lazima aishi peke yake: wakifika wiki 6 hadi 8 huanza kupigana, hata wakiwa ndugu wa tumbo moja, na hupigana mpaka kuuana. Ukiuziwa wawili kwenye kizimba kimoja, watenganishe leo, usingoje damu.

Ulizia na umri. Watoto huachishwa ziwa wakiwa na siku 21 hivi, lakini hamsta anayehamishwa kabla ya wiki 5 bado utumbo wake haujatulia, na huyo ndiye wa kumwangalia kwa macho mawili.

Ukaguzi wa jioni

Mkague jioni anapoamka mwenyewe. Ukimtoa usingizini saa saba mchana utamwona amelegea, masikio yamekunjamana, macho nusu wazi, nawe utadhani anakufa. Hamsta aliyetoka usingizini huchukua dakika kadhaa kuchangamka.

Katika siku tatu za kwanza usimshike kwa mkono ila kuwe na sababu. Laza kikombe kikubwa cha plastiki mbele yake, weka mbegu moja ya alizeti ndani, mwache aingie mwenyewe. Kisha mweke pamoja na kikombe juu ya mizani ya jikoni, ukiwa umekwisha kuondoa uzito wa kikombe. Andika uzito na saa. Rudia kila jioni. Hamsta mchanga anatakiwa kuongezeka au angalau kusimama palepale. Akipungua sehemu moja ya kumi ya uzito wake, mathalani kutoka gramu 80 hadi 72, ana tatizo hata kama anaonekana mchangamfu.

Akiwa bado kwenye kikombe, inua kikombe juu ya usawa wa macho yako umtazame kwa chini. Kikombe kinachopitisha mwanga ndicho kizuri kwa kazi hii. Manyoya ya chini ya tumbo na kuzunguka mkia yawe makavu, yametengana unyoya kwa unyoya. Yakiwa yameshikana vifungu vifungu, yana rangi ya njano au kahawia, au yananuka uvundo tofauti na mkojo, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya kuharisha hapa chini.

Angalia pia kinyesi kilichobaki kizimbani. Kinyesi kizuri ni punje ngumu, za kahawia iliyokolea, ukubwa wa punje ya mchele. Ukikibonyeza kwa karatasi hakiachi alama ya maji.

Mambo yanayotisha bure

Madoa mawili meusi yasiyo na manyoya mengi, moja kila upande wa nyonga, ni tezi za harufu za hamsta wa Syria. Kwa madume huonekana zaidi na huweza kuwa na unyevu. Hamsta wadogo wana tezi moja katikati ya tumbo, yenye ute wa njano. Uvimbe mkubwa chini ya mkia wa dume ni korodani. Huwa kubwa kuliko mtu anavyotarajia, na siku za joto huning'inia zaidi. Kama zipo mbili na zinalingana, hakuna ugonjwa.

Mkojo mzito wenye rangi ya maziwa ni wa kawaida, kwa kuwa hamsta hutoa chokaa nyingi kwenye mkojo. Meno ya njano yanayoelekea rangi ya chungwa ni ya kawaida pia. Kuchukua punje ya kinyesi moja kwa moja kutoka nyuma na kuila ni sehemu ya usagaji wa chakula chake, maana hupata vitamini za kundi B zilizotengenezwa na bakteria wa utumboni.

Jike la Syria lina mzunguko wa siku 4. Siku moja katika kila mzunguko hutoa ute mweupe, mzito, unaovutika na wenye harufu kali. Wengi huudhania usaha. Tofauti iko kwenye kalenda: ute wa kawaida hutoka siku moja, hukauka, hurudi baada ya siku 4. Unaotoka kila siku, wenye damu, huku tumbo likijaa na jike likikataa kula, ni maambukizi ya mfuko wa uzazi. Hayo yanataka daktari.

Kujificha, kutotoka mbele ya watu, na kugandia pembeni anapokusikia ni woga tu. Kama chakula kinapungua usiku na gurudumu lina alama za kutumika, mwache. Usisafishe kizimba chote wiki ya kwanza. Ondoa kona aliyokojoa na ubakize matandiko mengine, kwa sababu harufu yake mwenyewe ndiyo inayomwambia kwamba hapa ni kwake.

Amelowa nyuma, anaharisha

Ugonjwa wa mkia kulowa husababishwa na bakteria anayeitwa Lawsonia intracellularis, anayeshambulia sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba na kuufanya unenepe. Huwapata hasa hamsta wa Syria wenye wiki 3 hadi 10. Mwili wenye msongo hushindwa kujizuia, kwa hiyo dalili nyingi hujitokeza ndani ya wiki moja baada ya kuachishwa ziwa au kuhamishwa. Yaani mnyama hununuliwa mzima kwa macho, kisha siku ya nne au ya sita nyumbani mkia unalowa. Muuzaji atasema umemlisha vibaya. Huenda alitoka nao dukani.

Dalili huja kwa mpangilio unaofanana. Kwanza hupoa: hatoki jioni, hagusi gurudumu, akiguswa hukasirika kuliko kawaida. Kisha hujikunyata mgongo ukiwa juu, manyoya yamesimama, macho yamefinywa. Halafu maji ya njano au kahawia hulowesha mkia, tumbo na miguu ya nyuma, na uvundo wake husikika kabla hujafungua kizimba. Wengine hutokwa na kipande chekundu cha utumbo kwenye njia ya haja kubwa. Bila matibabu wengi hufa ndani ya siku moja hadi tatu, na kinachowaua haraka ni kuishiwa maji mwilini.

Kabla ya kukata tamaa, hakikisha si kuhara kwa chakula. Hamsta aliyepewa tango, tikiti maji au mboga nyingi za majani kwa ghafla hutoa kinyesi laini, lakini anakula, anazunguka, na mkia wake haujalowana. Huyo mwondolee kila kitu kibichi kwa saa 48, mbakizie nafaka kavu, kidogo cha shayiri iliyopondwa, na maji safi. Ndani ya saa 24 kinyesi kianze kurudi kuwa punje. Kisipoanza, au akiacha kula, mhesabu kuwa mgonjwa kweli. Kuhara kwa muda mrefu pamoja na kukonda huweza pia kuwa minyoo tegu, ambayo daktari huiona kwa kupima kinyesi.

Mkia ukiwa umelowa na mnyama amepoa, tafuta daktari siku hiyo hiyo. Wakati unajiandaa, fanya haya. Mtenge na hamsta wengine na osha mikono kila unapomgusa, kwa kuwa ugonjwa hupita kwenye kinyesi. Mpe joto upande mmoja wa boksi: chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo mara mbili, aweze kuisogelea au kuikimbia. Changanya ORS (chumvi za kurudisha maji mwilini) ya kawaida isiyo na ladha kama pakiti inavyoelekeza, na kwa sirinji ya ml 1 isiyo na sindano mpe ml 0.2 hadi 0.3 kila nusu saa. Ncha ya sirinji ikae ubavuni mwa mdomo, nyuma ya meno ya mbele, tone kwa tone, umngoje ameze. Usimlaze chali wala usisukume kwa nguvu. Maji yakiingia kwenye mapafu atakufa kwa hayo kabla ya kuharisha. Kama amelegea kiasi cha kutomeza, acha mdomo kabisa. Huyo anahitaji kuchomwa maji chini ya ngozi na daktari.

Usimwogeshe. Pangusa nyuma kwa pamba iliyoloweshwa maji ya uvuguvugu, kisha kausha. Utumbo ukiwa umetoka nje, uweke unyevu kwa chachi na maji ya chumvi, usiusukume ndani. Usimpe loperamaidi wala dawa nyingine ya kufunga tumbo, kwa sababu hufanya sumu ibaki ndani.

Dawa ya nyumbani inayoua

Amoksilini hupatikana kila duka la dawa, na nyumba nyingi zina mabaki yake kwenye kabati. Kwa hamsta ni sumu. Ampisilini, penisilini, linkomaisini, klindamaisini, erithromaisini na dawa za jamii ya sefalosporini ziko kwenye kundi hilohilo. Bakteria wema wa utumbo wa hamsta ndio hasa wanaouawa na dawa hizi. Wakitoweka, bakteria aitwaye Clostridioides difficile (zamani Clostridium difficile) hutawala, hutoa sumu, na utumbo huvuja damu. Mnyama huonekana kupata nafuu, kisha huharisha na kufa kati ya siku ya 2 na ya 10. Jambo hili linajulikana vizuri kiasi kwamba mwishoni mwa miaka ya 1970 watafiti waliwatumia hamsta waliopewa klindamaisini ili kuelewa ugonjwa wa utumbo unaowapata binadamu wanaotumia antibiotiki.

Marhamu za vidonda zenye antibiotiki ni hatari vilevile, maana hamsta hujilamba kila mahali. Daktari anayejua wanyama hawa huchagua dawa kama enrofloksasini au doksisaiklini, kwa kipimo cha uzito. Kipimo chake ni cha gramu. Usikikadirie kwa kugawa kidonge cha mtu mzima.

Amelala, haamki

Pima kwanza joto la chumba. Hamsta anafaa kati ya nyuzi 20 na 24. Chumba kikishuka kuelekea nyuzi 10, hasa mwanga ukiwa mfupi na chakula haba, anaweza kuingia usingizi mzito wa baridi: mwili umepoa, umejikunja, pumzi chache tu kwa dakika. Wanaoishi Ulaya au Amerika Kaskazini hulikuta hili Januari wanapozima mitambo ya joto usiku. Hata Nairobi mwezi wa Julai nje hushuka hadi nyuzi 11 au 12, na kizimba kilichowekwa sakafuni karibu na dirisha, au kwenye veranda, hupoa karibu vivyo hivyo. Njombe na Limuru ni zaidi.

Usimzike haraka. Mtazame ndevu na kifua kwa dakika tano kamili. Aliyekufa baada ya saa chache hukakamaa, miguu haipindiki. Aliyelala kwa baridi hupindika, hata akiwa kama mzigo. Mpashe polepole: mikononi, ndani ya fulana, chumba cha nyuzi 22 au zaidi. Huchukua nusu saa hadi saa kadhaa, na katikati yake atatetemeka sana. Kutetemeka huko ni kuzuri. Usimweke juu ya jiko, kwenye jua kali au mbele ya feni ya moto. Akisimama, mpe maji kwanza, kisha chakula chenye nguvu kama shayiri iliyolainishwa.

Pwani tatizo ni kinyume chake. Dar es Salaam na Mombasa mwezi wa Februari na Machi mchana hufika nyuzi 32 au 33 na unyevu mwingi, na katika miji ya Ghuba kukatika kwa kiyoyozi saa chache kiangazi kunatosha kuua. Hamsta hatoi jasho la kumpoza. Aliyezidiwa na joto hulala bapa, miguu imetawanyika, anahema kwa kasi, mdomo na kidevu vimelowa mate, na akisukumwa hutembea kama mlevi. Mwondoe joto hilo mara moja, mlaze juu ya kigae cha sakafu au kitambaa kilicholoweshwa maji ya bomba, lowesha masikio na miguu, mpe maji kwa tone. Usimtumbukize kwenye maji ya barafu. Mishipa hubana na joto hubaki ndani. Kwa kinga, kizimba kiwe upande usiopigwa na jua, na chupa ya maji iliyogandishwa, imefungwa kitambaa, ilazwe nje ya kizimba ikigusa ukuta wake.

Hali, hanywi

Chunguza chupa kabla ya mnyama. Gusa kigololi cha ncha kwa kidole: kila ukikisukuma, tone lionekane na kiputo cha hewa kipande juu ndani ya chupa. Chupa mpya mara nyingi huziba, na hamsta aliyelelewa dukani kwa bakuli huenda hajui chupa ni nini. Weka kibakuli kizito, kifupi, sentimita 2 hivi kwenda juu, pamoja na chupa. Hamsta hunywa takriban ml 10 kwa kila gramu 100 za uzito kwa siku, yaani wa Roborovski atakunywa ml 2 tu. Usitegemee kuona chupa ikishuka kwa macho. Weka alama ya kalamu. Anayekunywa maradufu ya kiasi hicho na kulowesha matandiko kila siku, hasa Campbell au wa China, apimwe kisukari, na matunda yasimamishwe.

Kwa chakula, kijiko kimoja cha mezani kwa siku kinamtosha wa Syria, kijiko cha chai kwa wale wadogo. Bakuli tupu si ushahidi kwamba amekula. Hamsta hubeba chakula mashavuni na kukificha, kwa hiyo tafuta ghala lake chini ya matandiko ulinganishe. Uliza duka lilikuwa likimlisha nini, uendelee na hicho kwa wiki moja, kisha changanya kidogo kidogo. Karanga na mahindi yenye ukungu, hata yale uliyoyachambua yakaonekana safi, yaache kabisa kwa ajili ya sumukuvu. Mwili wa gramu 40 hauna pa kuificha.

Kama anakwenda kwenye chakula, anakishika, kisha anakiangusha, tatizo liko mdomoni. Kidevu kilicholowa mate ni dalili ya meno. Meno ya mbele ya hamsta hayaachi kukua, na ya chini kwa kawaida ni marefu kuliko ya juu, mara mbili au tatu. Yakipinda, yakipishana au jino moja likikatika kwa kung'ata vyuma vya kizimba, hayasagani tena. Hukatwa na daktari. Mkasi wa kucha wa nyumbani hupasua jino mpaka kwenye mzizi. Shavu moja lililojaa zaidi ya siku moja bila kupungua, hasa likinuka, lina kitu kilichonasa: pamba, mkate unaonata, mbegu yenye ncha. Na ukiona mfuko wa rangi ya waridi umening'inia nje ya mdomo, shavu limegeuka. Lizuie lisikauke kwa maji ya chumvi na umpeleke upesi kabla hajalitafuna.

Anapiga chafya, anakoroma

Chafya mbili tatu akichimba si kitu. Zikiwa za mfululizo, kosa la kwanza ni matandiko. Maranda ya kwa fundi seremala ni ya bure, lakini huwa mchanganyiko wa mbao zilizopuliziwa dawa, paini mbichi yenye mafuta makali, na unga wa mvule unaowasha hata pua ya fundi. Tumia karatasi nyeupe isiyo na wino iliyochanwa, au matandiko ya karatasi ya dukani, kina cha sentimita 15 hadi 25. Achana na pamba laini inayouzwa kuwa ya kiota. Nyuzi zake hukata damu vidoleni na huziba utumbo. Mchanga wa kuogea uwe mchanga halisi, si unga.

Kosa la pili ni hewa ya nyumba. Udi, ubani, koili ya mbu, dawa ya mbu ya kupuliza, moshi wa mkaa: vyote hivi visifukizwe chumba kilicho na hamsta. Pua yake iko sentimita moja kutoka kwenye mkojo wake pia, kwa hiyo kona ya choo isafishwe kila siku ya pili.

Sikiliza karibu. Mlio wa kubofya au filimbi kila pumzi, ute puani, macho yaliyogandamana, mbavu zinazoingia ndani akivuta hewa, na kupungua uzito, hiyo ni nimonia, na hamsta hadumu nayo. Mweke kwenye joto, umpeleke siku hiyo. Mwenye mafua nyumbani amwachie mwingine kazi ya kumhudumia: hamsta hushika virusi vya mafua ya binadamu, na Januari 2022 serikali ya Hong Kong iliamuru wanyama wadogo wapatao 2,000 wauawe baada ya korona kugunduliwa kwa hamsta wa dukani.

Anajikuna, ana upara

Utitiri ndio unaotajwa kwanza, na duka la dawa za mifugo litakuuzia ivamektini ya asilimia 1 ya ng'ombe na mbuzi. Piga hesabu kabla. Dawa hiyo ina mg 10 katika kila ml. Kipimo cha hamsta ni mg 0.2 hadi 0.4 kwa kila kilo. Hamsta wa gramu 120 anahitaji mg 0.048 kwa wingi, nalo tone moja la kawaida lina takriban mg 0.5. Yaani tone moja ni mara kumi ya kipimo kikubwa. Daktari huipunguza makali kwanza ndipo aipime.

Kabla ya dawa, tazama mpangilio. Upara wa puani unaofanana na mstari hutokana na kusugua pua kwenye vyuma. Mabaka ya duara yenye magamba ni mapunye, nayo yatakuambukiza. Vidonda vidogo mgongoni na nyuma kwa hamsta aliyetoka kwenye kundi ni meno ya wenzake. Safisha kwa maji ya chumvi, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa katika nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Baada ya siku chache papase tena, kwa kuwa ngozi hufunga juu na jipu hujaa chini. Jipu linataka kupasuliwa.

Tumbo limejaa

Jike lililokaa na madume dukani lina mimba mpaka ithibitike vinginevyo. Mimba ya hamsta wa Syria ni siku 16 hivi, ya wale wadogo siku 18 hadi 22. Akianza kukusanya karatasi kwa kasi na kujenga kiota, mwongezee chakula, yai la kuchemsha kidogo, maji mengi, kisha usimguse wala usisafishe kizimba hadi watoto wafike wiki 2. Mama anayesumbuliwa hula watoto. Lakini tumbo gumu, kinyesi kimekatika, amejikunyata na anasaga meno: utumbo umeziba. Hapo hakuna la nyumbani la kufanya.

Anachechemea, au jicho limefunga

Mguu huvunjika kwenye gurudumu la vijiti au kwa kuanguka kutoka kizimba cha ghorofa. Ondoa gurudumu na ngazi zote, punguza kimo, mweke kwenye boksi bapa. Gurudumu jipya liwe na uso usio na nafasi, kipenyo cha sentimita 28 kwa wa Syria na 20 kwa wadogo. Mguu unaoning'inia au mfupa unaoonekana ni wa daktari.

Jicho lililogandamana asubuhi lainishe kwa maji ya uvuguvugu kwa dakika moja, litafunguka. Likijirudia siku mbili, badilisha matandiko. Jicho lililotokeza nje ni dharura.

Kumpata daktari na kumfikisha

Madaktari wengi wa mifugo Afrika Mashariki huona ng'ombe, kuku na mbwa. Piga simu kwanza, uulize: umewahi kutibu sungura, simbilisi au hamsta, na ungempa antibiotiki gani? Akijibu amoksilini ya kunywa, mshukuru utafute mwingine. Vyuo vinavyofundisha udaktari wa wanyama, kama Sokoine pale Morogoro na Kabete ya Chuo Kikuu cha Nairobi, vina hospitali za wanyama unazoweza kuzipigia kuuliza.

Mjamzito asimshike hamsta mpya wala asisafishe kizimba chake: wanyama wa jamii ya panya, hamsta akiwemo, huweza kubeba kirusi cha LCM (cha uvimbe wa utando wa ubongo), kinachodhuru mimba. Mwaka 2005 nchini Marekani kirusi hicho kilipita kutoka kwa hamsta wa nyumbani hadi kwa mtoaji wa viungo, na kati ya wagonjwa wanne waliopandikiziwa viungo hivyo, watatu walifariki.

Safari ifanywe kwenye boksi dogo la plastiki lenye matundu, si la karatasi, maana atalitafuna. Jaza nusu ya matandiko yake mwenyewe. Toa chupa, kwani humwagika na kumlowesha. Weka kipande cha tango badala yake, ila kama anaharisha usiweke tango, beba sirinji yako ya ORS mfukoni umpe njiani. Chukua kinyesi cha siku hiyo kwenye kimfuko, karatasi ya uzito wa kila jioni, jina la chakula anachokula na tarehe uliyomnunua. Funika boksi kwa kanga nyepesi, epuka saa za jua kali, na ukifika usikae benchi moja na mbwa na paka. Ngoja nje mpaka uitwe.